Kamba Niliishika Mimi

Baba Imali, binti yako amempasua mtoto wa Mama Collins paji la uso, mimi nimepigana na Mama Collins jikoni mwa shule mpaka githeri ya watoto wote ikamwagika, na Imali nusura afukuzwe shule. Haya. Nimeshasema. Sasa naweza kukusalimia.

Mulembe, mume wangu. Mimi ni mzima. Imali ni mzima. Trela, fahali wako, naye ni mzima, anakula nyasi za nepia mpaka panga langu linachoka. Nimekaa hapa mlangoni, pale ulipokuwa unakaa kuvua gambuti, na nimechukua daftari la Imali la mwaka jana ambalo lilibaki kurasa. Mwandiko wangu unaujua. Niliishia darasa la saba, lakini mwalimu mkuu mwenyewe aliwahi kuuliza ile barua ya kuomba ruhusa imeandikwa na nani, nikamwambia imeandikwa na mkono huu huu unaosonga obusuma.

Sijakuandikia tangu tukuzike. Mwanzoni nilikuwa naongea na wewe kwa mdomo nikikata nyasi, mpaka ndugu yako wa Amalemba akaanza kuniangalia kama mtu anayehitaji kuombewa. Nikanyamaza. Lakini hii habari ni ndefu, na hakuna mtu mwingine wa kumpa yote. Wengine nawapa nusu.

Unakumbuka wazee walipokuuliza fahali utamwachia nani, na huna mtoto wa kiume? Ukawaambia, huyu hapa. Imali alikuwa na miaka mitatu. Ukamwekea kamba mkononi, Trela mzima mwenye shingo kama gunia la mahindi, akamfuata mtoto mpaka mtoni na kurudi. Wanaume walicheka. Ukamwachia tu. Kila Jumamosi ya mchezo wa mafahali ulimbeba mtoto mabegani, ngoma za isukuti zikitangulia, watu wakikimbia na matawi, na yeye juu huko anapiga kelele kuliko wote. Mimi nilibaki nyuma nikijidai nimekasirika. Sikuwa nimekasirika. Nilikuwa naangalia mgongo wako ukienda, nikisema moyoni, yule ni wangu.

Tangu uende, hakuna aliyempeleka Trela uwanjani. Ndugu yako hataki na mimi siwezi. Imali anamkatia nyasi, anampaka mafuta kwenye pembe kama ulivyokuwa unafanya, halafu anaenda shule. Na huko shuleni ndiko alikohamishia mchezo.

Huo mchezo wao wa watoto uliwahi kuuona. Watoto wawili wanafunga mikono nyuma, wanagusanisha vipaji vya uso, wanasukumana, na atakayerudi nyuma amekimbia. Wenzao wanazunguka na majani shingoni, wanapiga mitungi ya maji kama ngoma. Kila mmoja ana jina la fahali. Imali ni Trela. Na sisemi kwa sababu ni wangu, lakini hakuna mtoto katika shule ile aliyewahi kumrudisha nyuma. Hata wa gredi ya sita. Hata Collins, ambaye anakula mayai kila siku na mama yake anatangaza.

Sasa sikia. Ilikuwa Ijumaa, zamu yangu ya kupeleka kuni za jikoni. Nilibeba mzigo ambao wanawake wawili wangegawana, kuni kavu, hazina moshi, mpishi mwenyewe alisema kuni za Mama Imali zinajulikana. Mama Collins naye alikuwa ameleta maharagwe. Tukasalimiana vizuri tu. Watoto walikuwa wametoka kwa mapumziko. Mara tukasikia mitungi inalia.

Tukaenda kuangalia. Kulikuwa na mimi, Mama Collins, mpishi, soja wa geti na wazazi wengine wachache waliokuwa wameleta vitu vyao. Katikati ya duara walikuwa Imali na Collins. Imali alikuwa amejipaka udongo usoni kama Trela akichimbua ardhi kwa pembe. Baba Imali, alikuwa wewe. Vile alivyoweka mabega. Vile alivyosimama hana haraka. Nilikuwa sijakuona kwa miezi mingi, na hapo nikakuona.

Nikapiga kelele. Wacha nikwambie ukweli, kwa sababu huu ndio ukweli nilioficha kwa wiki mbili. Nilipiga kelele, "Trela! Trela, mpeleke!" Niliimba ule wimbo wako, nikapiga makofi, nikaruka na hizi gambuti zako ambazo bado ninavaa. Wazazi wakacheka, wakaitikia. Soja akatoa filimbi. Mtoto alinisikia. Aligeuza macho kidogo akaniona, na nikaona amefurahi kuliko siku zote tangu tukuzike. Akarudi nyuma hatua mbili, kitu ambacho katika mchezo wao hakiruhusiwi, akaja kwa nguvu.

Ule mlio sitausahau. Collins akakaa chini. Halafu damu.

Hapo kila mtu akawa hakuwepo. Soja akakumbuka geti, mpishi akakumbuka sufuria. Mwalimu wa zamu, yule msichana Nekesa anayetoka Likuyani, ambaye ndio kwanza ameanza kazi, alikuja mbio kutoka ofisini amekumbatia vitabu. Alimshika mtoto, akavua leso yake, akamfunga. Yeye peke yake ndiye aliyefanya kitu cha maana siku hiyo.

Mimi nilimfuata Mama Collins jikoni alikoenda kuchota maji. Nilitaka kusema pole, nakuapia. Lakini aligeuka na kikombe mkononi akasema, "Mtoto asiye na baba, ndio hivyo, amelelewa na ng'ombe."

Sasa hapo ungefanya nini? Najua. Ungeondoka. Mimi sikuondoka. Nilimrukia. Nisijisifu, lakini yule mama ni mkubwa na bado nilimweka chini, na blauzi yake ya kanisani haitaenda kanisani tena. Tukabingirika kwenye majivu. Yeye ana nywele zangu, mimi nina sikio lake. Mguu wangu, na gambuti lako, ukagonga sufuria kubwa. Githeri yote. Sakafu yote. Tulipoinuka, watoto wa chekechea walikuwa wamepanga foleni mlangoni na sahani zao, wanatuangalia. Hawakulia. Afadhali wangelia. Kamoja kakauliza, "Kwa hivyo hakuna chakula?"

Siku hiyo shule nzima ilishinda njaa kwa sababu ya miguu yangu.

Nilipokuwa pale chini, kitu nilichongojea ni sauti yako. Unajua ulivyokuwa unaachanisha Trela akiwa amekazana pembe na mwenzake. Wengine wanapiga fimbo, wanapiga kelele, na fahali wanazidi. Wewe ulikuwa unaenda ubavuni, si mbele, unaweka mkono begani, unataja jina lake polepole. Na mimi ulinifanyia hivyo hivyo nikigombana na dada zako. "Ayuma. Tosha." Basi mimi nazima. Jikoni walipiga kelele zote, mama, mama, acheni, acheni. Hakuna aliyeniita Ayuma. Hakuna mtu aliyebaki duniani anayeniita Ayuma. Kwa wote mimi ni Mama Imali.

Collins alishonwa nyuzi nne. Mwalimu mkuu akaniandikia: Imali akae nyumbani mpaka mkutano wa wazazi, na wakati huo nianze kumtafutia shule nyingine kwa sababu amekuwa hatari kwa wenzake. Hatari! Mtoto wa pili darasani! Nilisoma ile barua mara tatu nikiwa nimesimama.

Wiki mbili, Baba Imali. Wiki mbili alikaa na Trela zizini. Hakuimba. Kila asubuhi alivaa yunifomu, akakaa nayo, jioni akaivua. Siku moja nilimkuta amelaza kichwa ubavuni mwa fahali, akaniuliza bila kuniangalia, "Mama, mimi ni mbaya?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Lakini mimi ndiye nilimgonga." Nikasema nenda ukanawe, nikaingia jikoni nikakoroga kitu ambacho hakikuwa kinahitaji kukorogwa. Hakutaja kwamba nilikuwepo. Hakusema, mama, wewe uliniambia nimpeleke. Hilo ndilo lililonimaliza. Alinificha, mtoto wa miaka kumi.

Mkutano ulikuwa Jumatano, kwenye darasa la tano, lile ulilopiga plasta wewe. Nilikaa karibu na dirisha kwa makusudi. Pale chini uliacha alama ya kiganja chako simenti ilipokuwa mbichi, na fundi mwenzako akakukemea, ukasema wacha, hii ni ili Imali akija darasa hili ajue nilipita. Nikaweka mkono wangu juu yake. Vidole vyangu havikufika mwisho wa vyako.

Wakaanza. Kila mtu alitafuta mwenye makosa, na kila mtu alimwona mtu mwingine. Mama Collins, na sikio lina plasta, alisema ni Imali na malezi yake. Wengine wakasema ni huu mchezo wa mafahali, upigwe marufuku, kama vile wao hawajawahi kuamka alfajiri kwenda kuuangalia. Mzee mmoja akasema ni mitaala ya siku hizi. Soja akasema yeye ni wa geti, mambo ya ndani hayamhusu. Mwishoni wote wakamwangukia mwalimu Nekesa. Zamu ilikuwa yake. Alikuwa wapi? Mwalimu gani huyu? Msichana akasimama, akajaribu kusema kwamba aliitwa ofisini kubeba vitabu, akamwangalia mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu akaangalia karatasi zake. Basi Nekesa akakaa. Mwenyekiti akasema mapendekezo ni mawili: mtoto ahame, na mwalimu aandikiwe barua arudi alikotoka. Wanaokubali wainue mikono.

Wewe ulikuwa na neno moja. Trela aliposhindwa ile siku mbaya, na vijana wakataka kumpiga, ulisimama mbele yake ukasema fahali hakujipeleka uwanjani. Muulizeni aliyeshika kamba. Ukawapa fimbo, ukawageuzia mgongo wako. Hakuna aliyekugusa.

Mikono ilikuwa inaanza kuinuka. Nikasimama. Unajua mimi nikisimama nasikika. Nikasema, kamba niliishika mimi.

Mikono ikashuka. Nikasema, nilikuwa hapo. Si kwamba nilifika damu ikiwa imeshatoka kama nilivyowaambia. Nilikuwa hapo tangu mwanzo na nilipiga kelele kuliko wote, kwa sababu mume wangu amekufa na nilimwona katika uso wa mtoto wangu na nikataka ashinde. Mtoto alinitii. Mkitaka kufukuza mtu, nifukuzeni mimi, lakini mimi si mwanafunzi, kwa hivyo sijui mtanifukuza kutoka wapi. Na huyu mwalimu alifunga jeraha kwa leso yake sisi wengine tukiwa tumejificha. Na ile githeri, niliimwaga mimi, kwa gambuti hili.

Nikainua mguu wakaliona. Mtu mmoja akacheka. Nikakaa.

Kisha nikasikia nyuma yangu soja anasema polepole, "Filimbi ilikuwa yangu." Mpishi akasema, "Mimi nilitoa mtungi. Waliniomba, nikawapa." Mzee wa mitaala akasema mjukuu wake ndiye alikuwa mpiga ngoma na yeye ndiye amemfundisha. Ikawa kama kanisani siku ya ushuhuda. Mwalimu mkuu akaweka karatasi chini. Akasema, "Mwalimu Nekesa nilimwita mimi. Vitabu vingengoja." Alisema hivyo tu, lakini alisema mbele ya watu.

Mama Collins ndiye alibaki. Wote tukamwangalia. Akavuta leso yake mara mbili. Akasema, "Na mimi nilimwambia Collins, usirudi nyuma mbele ya msichana." Akaanza kulia, na mimi nikaanza, na ukisikia mtu akikwambia kwamba mimi ndiye nililia kwa sauti zaidi, si uongo.

Basi, Imali hakufukuzwa. Nekesa hakuandikiwa barua. Wakapanga kila mapumziko wazazi wawili wawe uwanjani na mwalimu wa zamu, na mimi nikajitolea wiki ya kwanza. Nafanya kazi ile vizuri, watoto wananiogopa na kunipenda.

Lakini sikuridhika. Wewe kila baada ya mchezo, ushinde au ushindwe, kesho yake ulikuwa unaenda kwa mwenye fahali mwingine kuangalia majeraha. Nilikuwa nakusema kwamba unajishusha. Nisamehe kwa hilo. Alhamisi nilichukua ingokho, yule jogoo mwekundu ambaye kijiji kizima kinamtamani, nikamshika Imali mkono, tukaenda kwa Mama Collins.

Alituweka getini muda mrefu. Mbwa wake alitubwekea mpaka akachoka. Halafu akatoka, akaangalia jogoo, akasema, "Wewe unakuja na kuku kwapani kama mtu anayeposa?" Nikamwambia mtoto wako ni mzuri lakini bado hajafika bei ya jogoo huyu. Akacheka kabla hajajizuia. Akakataa kabisa kumchinja wangu. Akasema mgeni haji na kuku wake, amtukane mwenyeji. Akachinja wa kwake, mdogo, mgumu kidogo, sikusema kitu. Wangu tukarudi naye.

Ila nikwambie la mwisho. Chakula kilipokuja, ile firigisi iliwekwa juu ya sahani. Unajua firigisi ni ya baba wa nyumba. Wa kwao yuko safarini. Hapa kwetu, tangu uende, kila nikichinja naiweka kwenye sahani yako, naifunika, na kesho yake nampa paka, na Imali anajua na hasemi. Mama Collins akampa Collins, kwa sababu ndiye mwanamume aliyekuwepo na ndiye aliyeumia. Yule mvulana, na kovu lake jipya, aliiangalia. Akaomba kisu. Akaikata katikati, akasogeza nusu kwa Imali, akasema, "Lakini ulirudi nyuma hatua mbili, huo ni wizi." Imali akasema, "Najua." Akaila.

Mara ya kwanza nusu ya firigisi kuingia katika mdomo wa nyumba yetu tangu uondoke. Niliangalia pembeni, nikasifu ukuta wa Mama Collins, ambao hauna kitu cha kusifiwa.

Jioni, tukirudi, Imali aliimba. Wimbo wa Trela, polepole, kama mtu anayejaribu kama mguu umepona.

Nimekukumbuka, Baba Imali. Si siku kubwa ndizo ngumu. Siku kubwa watu wanajaa. Ni kuvua gambuti mlangoni na kukuta ni mimi ninayevua. Ni kuwa na habari tamu kama hii na kuileta nyumbani mbio, halafu nafika.

Sasa nakuaga, nepia haijakatwa. Ahadi yangu ni hii: sitasimama tena mbele ya mtoto wetu wala nyuma yake nikimsukuma. Nitasimama ubavuni, pale ulipokuwa unasimama. Akikosea nitamwita jina lake, polepole. Na firigisi ya kuku ajaye nitampa yeye, moto, usinikasirikie.

Tutakuwekea msalaba wa simenti, fundi mwenzako ameshaumimina. Mama Collins ameomba asimamie sufuria, nimemkubalia, mradi asiguse chumvi. Mwalimu Nekesa anakuja, soja anakuja na filimbi yake, ndugu yako ameleta isukuti, na Trela atapitishwa mbele ya kaburi lako bila kupigana na yeyote, Imali akiwa ameshika kamba. Nyuma ya ngoma mtu mmoja atakuwa anakuangalia kama zamani. Niite jina langu, hata kama ni kwa upepo. Ni Jumamosi ya kwanza shule zikifungwa. Wote wanakuja Jumamosi.